Namba Nyeupe Kwenye Mawe ya Mlimani

Siku chache kabla sijarudisha kofia na funguo, nilimsikia mmoja wenu, ninyi vijana mnaoichukua kazi yangu ya kuongoza wageni, akiwaeleza wageni kule mlimani kwamba zile namba nyeupe kwenye mawe saba ni alama za siri za watu wa kale. Wageni wakaandika. Mmoja akapiga magoti akaipiga picha namba thelathini na nane kwa heshima kubwa. Sikusema kitu, maana nilikuwa nimechoka kupanda, lakini tangu siku ile sina raha. Watu wa kale walipata wapi rangi ya mafuta? Namba zile niliziandika mimi. Nimeona niseme mwenyewe zilivyofika pale, kabla hamjazijengea uzio.

Nilianza kazi miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, basi, na nilikuwa na ndoto ambazo darasa la nane halitoshi kuzibeba. Kwetu ni Iguguno, ila nilipanga chumba Utemini, mjini, na kila asubuhi nilikwenda ofisini nikiimba. Mkuu wangu tulimwita Bwana Utamaduni. Siku ya kwanza alinipa kofia ya kaki, daftari, na baiskeli yenye breki ya nyuma tu, akaniambia, "Upande wa Issuna kuna mlima una wanyama wa mawe. Wageni wakija, wewe utawapeleka." Nikamwuliza wanyama wenyewe wakoje. Akasema, "Utaona." Baadaye nilijua kwamba yeye hakuwahi kufika.

Basi wageni wangu wa kwanza nikawapandisha saa sita mchana. Walikuwa walimu watatu kutoka Dodoma. Tukazunguka juu ya mlima saa nzima, jua linatuchoma visogo, hatuoni ila mawe. Mwalimu mmoja akaniuliza, "Sasa hao wanyama wako wapi?" Nikamjibu kwa adabu, "Hata mimi nawatafuta, mwalimu."

Mama mmoja alikuwa anafunga mzigo wa kuni pembeni. Alituangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia kuku wanavyohangaika na mlango uliofungwa.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mnatafuta nini?"

"Wanyama wa mawe."

"Umemkanyaga mmoja. Shuka kwanza mgongoni mwake."

Nikashuka upesi.

"Na mmekuja saa mbaya," akaendelea. "Jua la utosini linawaficha. Kaeni kivulini mpaka liiname."

Tukakaa. Ilipofika saa kumi, jua likaanza kupita kwa ubavu, na mbele ya macho yetu mawe yakaanza kuota migongo. Nundu ikatoka hapa, pua ikatoka pale, pembe zilizochorwa zikalala kando ya shingo. Jiwe la kule ni gumu, ukitaka kuchonga pembe ya kusimama itakatika, kwa hiyo wachongaji walizilaza. Wengi ni ng'ombe. Kuna mbuzi, kondoo kadhaa, mbwa mmoja, na mmoja ambaye nusu ya watu husema ni punda na nusu husema ni fisi. Mimi nililia, nasema kweli, nikasingizia vumbi.

Lishikeni hilo kabla ya mengine yote: asubuhi mapema au saa kumi. Mgeni mwenye haraka ya mchana mpeni maji, mpeni kiti, msimpandishe. Nimebishana na wenye haraka miaka yangu yote ya kazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kitu saa sita.

Yule mama ndiye Mama Mwiru. Wageni walipenda kumwandika kama kikongwe mwenye siri nyingi. Hakuwa kikongwe, alikuwa mama wa makamo mwenye mabega ya kubeba gunia. Ukoo wa mumewe ndio uliotunza mlima. Mumewe alikwenda kwenye mashamba ya mkonge akanogewa huko, na wengine wote wa ukoo kila mtu alikuwa na shughuli yake, basi kazi ikamwangukia yeye. Alifagia majani, alitoa vichuguu vya mchwa, aliwafukuza wachunga mbuzi waliokaa juu ya migongo. Ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniambia kwamba zamani mfugaji akifiwa na mnyama aliyempenda, yule aliyekufa mwenyewe bila kuchinjwa, alichagua jiwe, akaligonga na jiwe lingine gumu zaidi miezi kadhaa mpaka mnyama wake akarudi. Kila jiwe lilikuwa na jina, rangi, na mwenyewe. Rangi! Mimi naona jiwe la kijivu, yeye anasema, "Huyu mweupe mwenye baka jeusi shavuni, wa babu yake Njoghomi." Nikaacha kubisha.

Tulielewana vizuri miaka kadhaa, mpaka ilipokuja fomu.

Fomu ilitoka juu, kwa ajili ya kuandikisha sehemu zote za kale ili zilindwe. Ilikuwa na mistari tisa. Jina la mlima, sawa. Kijiji cha karibu, sawa. Njia ya kufika, nikaieleza vizuri sana, mpaka nikachora na mti mmoja uliopigwa radi. Mstari wa sita uliandikwa: Idadi ya vinyago.

Nikaenda kwa Mama Mwiru. "Mama, wako wangapi?"

Akaacha kufagia. "Wewe kwenu si Iguguno?"

"Ndiyo."

"Huko Iguguno baba yako anakaa mlangoni anahesabu ng'ombe wake kwa sauti?"

Nilijua alikokuwa anaelekea. Hata kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Mfugaji akisimama jioni anawaangalia wanavyoingia, anajua nani hayupo, lakini namba haitoki mdomoni, maana kundi likihesabiwa linapungua. Nimekua na jambo hilo, sikulisoma kitabuni. Ndiyo maana sina pa kujitetea.

"Lakini hawa ni mawe, mama," nikasema.

"Kama ni mawe unayahesabia nini? Mlima wote huu ni mawe. Anzia chini."

Nikajaribu kwa hila. Siku iliyofuata nikatembea nyuma yake nikihesabu kimoyomoyo. Nilipofika kumi na saba akageuka.

"Midomo yako inafanya nini?"

"Nasali, mama."

"Unasali huku umenyoosha kidole?"

Nikapotea hesabu. Nikamwomba basi anitajie majina tu, niyaandike, hiyo si kuhesabu. Hilo alilikubali, na kwa siku mbili alitaja na mimi nikaandika, mpaka kidole kikaota sugu. Nikaipeleka orodha kwa Bwana Utamaduni kwa furaha. Ikarudi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Haya ni majina. Idadi? Nikahesabu majina mwenyewe, nikagundua kuna ng'ombe aliyetajwa mara nne kwa majina manne, la utotoni, la ujanani, la wimbo, na la hasira. Nilimwuliza Mama Mwiru kwa nini. Akasema, "Wewe una jina moja?"

Fomu ilikwenda na kurudi mara tatu. Katikati nilikuwa mimi na baiskeli ya breki moja, siku nzima kwenda, siku nzima kurudi. Huku naambiwa mvivu, kule naambiwa mroho.

Wakati huo ndio watu walianza kuhamishiwa vijijini. Waliokuwa wanakaa huku na huko kwenye miteremko ya mlima walishushwa uwandani, nyumba zikapangwa mistari, na juu yakabaki matuta ya udongo mahali palipokuwa na maboma. Mama Mwiru naye alishuka. Kijiji kilitaka zahanati, na zahanati ilitaka msingi, na msingi ulitaka mawe. Mlima ndio uliokuwa karibu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kina mama walikuwa wanajifungulia njiani wakienda hospitali ya mjini. Ungekuwa wewe ungebishia msingi wa zahanati?

Bwana Utamaduni akaniita. "Nikipata idadi, napata barua ya kuuzuia mlima. Bila idadi hakuna barua, na bila barua watachukua wanachotaka. Ijumaa ndiyo mwisho."

Nikamweleza Mama Mwiru hayo yote, taratibu, kama unavyomweleza mtu daktari alivyosema. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wakiwachukua watakuwa wamewaiba," akasema. "Ukiwahesabu utakuwa umewatoa wewe."

Nilishuka mlima nimekasirika hata nikasahau kuaga. Nilikuwa kijana, nilijiona mimi tu ndiye ninayewapenda wale wanyama kwa akili. Jumatano, wakati kina mama wote wako kwenye shamba la kijiji, nikapanda peke yangu na kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo. Niliandika namba ili nisirudie, na ili wakija wakaguzi waone kazi safi. Nilianza asubuhi mapema, nikaendelea jioni jua lilipoinama. Niliziandika kwa mwandiko mzuri, ubavuni, ubavu wa kulia, kama chapa. Nikafika arobaini na tatu. Nilikaa pale juu nikaota: kibao barabarani, ngazi za kupandia, mimi nimesimama langoni na kofia mpya. Alhamisi jioni idadi ilikuwa mezani. Ijumaa barua ikapigwa muhuri.

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo ningelijua kama ofisi zetu mbili zilizopakana ukuta zingesalimiana, ni kwamba bwana wa ujenzi alikuwa amepita mlimani wiki iliyotangulia, akapaka chokaa kwenye mawe ya chini yanayofaa kwa msingi. Kwa mafundi akaacha neno moja tu: chukueni yenye alama nyeupe.

Jumamosi nikaondoka alfajiri na barua mfukoni. Nikapata pancha mbili. Nilipofika kijijini saa tisa, trekta lilikuwa linazimwa, na msingi wa zahanati umeshapanda pande mbili. Nikaona namba nne. Mwandiko ulikuwa wangu. Namba hiyo ilikuwa imelala kwenye kona, nusu yake tu, maana jiwe lenyewe lilikuwa limepasuliwa kwa nyundo.

Fundi mkuu alikuwa Fundi Salumu, mtu wa mjini, wa familia ya wenye maduka, mpole na mwenye sifa ya kunyoosha ukuta kwa jicho tu. Alinipokea kwa tabasamu.

"Karibu bwana mdogo. Umetumwa na ujenzi? Waambie wenzako tumeshukuru. Mara ya kwanza walipaka chokaa ovyo ovyo, safari hii wametuwekea mpaka namba."

Nikapapasa barua mfukoni.

"Tumeyapakia kwa mfuatano," akasema. "Moja mpaka thelathini na sita. Saba yamebaki huko juu, tela lilijaa."

Nikatoa barua. Akafuta mikono akaisoma kwa makini, akanirudishia.

"Inasema mawe ya mlimani yasiguswe. Haya hayako mlimani."

"Fundi, hawa ni wanyama."

Akaligeuza jiwe lililokuwa mbele yake, akaliangalia, akaligeuza tena. Kumbukeni ilikuwa saa tisa na kitu. Jua lilikuwa bado halijainama vya kutosha.

"Wanyama gani?"

Nikamkimbilia dereva wa trekta ayarudishe. Akasema ameitwa kijiji kingine, lazima aondoke sasa hivi, na kweli akaondoka. Nikamfuata mwenyekiti wa kijiji. Akaniambia vijana wako shambani mpaka wiki ijayo, kila jiwe linataka watu wawili, mvua inakaribia, na je, mimi nina watu sabini na wawili mfukoni pamoja na ile barua? Alikuwa amekasirika kwa haki. Mimi nilikasirika bila haki, ndiyo maana sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko yake.

Katika kelele hizo kina mama wakaja kwa mstari na ndoo za maji kichwani. Tangu asubuhi walikuwa wanaleta maji ya kuchanganyia simenti, na Mama Mwiru alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameshamwaga ndoo zake tano sita kwenye karo bila kuangalia mawe, maana nani anaangalia mawe ya ujenzi? Sasa jua lilikuwa limeanza kupita kwa ubavu. Akatua ndoo. Akaenda moja kwa moja kwenye rundo, akaweka kiganja juu ya pua ya mmoja, halafu wa pili. Akatembea mpaka kwenye kona, akachuchumaa mbele ya ile nusu.

Kisha akaona namba. Hakujua kusoma sana, lakini namba alizijua.

"Nani amewaandika?"

Fundi Salumu akafungua mdomo ajibu kwamba ni watu wa ujenzi. Nikamwahi. "Mimi, mama."

Nilitegemea anipige na ndoo. Ningefurahi. Kina mama wengine wakatua ndoo zao pia.

"Ulifika ngapi?"

"Arobaini na tatu."

Akaniangalia, na nikaona kitu kinapita usoni kwake ambacho sikukielewa mpaka siku nyingi baadaye.

"Basi hukuwaona wote," akasema.

Ilikuwa ni nafuu ile: kundi ambalo halijahesabiwa lote halijatolewa lote.

Fundi Salumu alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anajua sasa kwamba kuna jambo kubwa, ila hajui ni lipi. Tisa walikuwa wamekwishapasuliwa kwa ajili ya kona. Ishirini na saba walikuwa wazima, kumi kati yao wameshalala kwenye simenti mbichi.

"Mama," akasema, "mimi sikujua. Niambie. Hawa waliolala naweza kuwang'oa sasa hivi, kesho siwezi. Wataka wakae pembeni mpaka wapatikane watu wa kuwapandisha?"

Sisi sote tukamwangalia Mama Mwiru. Nilikuwa na uhakika wa jibu. Nilishavua shati tayari kuanza kung'oa.

Yeye akaangalia mlima. Kutoka pale yalionekana yale matuta ya udongo kwenye mteremko, mahali pa maboma, nyasi zimeanza kuyafunika.

"Nikiwapandisha, nani yuko huko juu wa kuwaamkia?" akasema. "Mimi napanda Jumapili, nikipata nafasi. Mkwe wangu anajifungua mwezi ujao. Nyumba hii nataka iishe."

Fundi akashusha pumzi. Akachota simenti, akashika jiwe na mwenzake, akaliweka. Mama Mwiru akapiga kelele kidogo.

"Si hivyo. Umemgeuza."

"Nimemgeuza vipi? Upande bapa ndio unaokaa chini."

"Akae chini hivyo hivyo, lakini uso umeuingiza ndani. Mnyama anaangalia kwao. Kule juu kila mmoja aliwekwa anaangalia boma la mwenyewe."

Fundi Salumu akaufuta uso kwa mkono, akajipaka simenti. Miaka yote ile nilikuwa nimewaongoza wageni katikati ya wanyama wanaoangalia pande zote, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini.

"Sawa," Fundi akasema. "Uso nje. Huyu kwao wapi?"

Mama Mwiru akanyoosha mkono kuelekea mteremko, kwenye tuta la tatu. Mkono ukabaki hewani. Boma lile halikuwepo. Njoghomi, aliyelirithi jiwe lile kwa babu yake, alikuwa amesimama nyuma yetu na jembe begani, ametoka shamba la kijiji, na nyumba yake mpya ilikuwa upande wa pili kabisa, mstari wa pili, ya nne kutoka barabarani.

"Mama, simenti inakauka," Fundi akasema kwa upole. "Kwao ni kule kwa zamani, au huku?"

Mama Mwiru akaushusha mkono polepole, akageuka akaangalia ile mistari ya nyumba za nyasi mpya ambazo hata mbwa walikuwa bado hawajazizoea.

"Mgeuze huku," akasema. "Na yeye kahamishwa."

Wakamgeuza. Akamtaja wa pili kwa jina na mwenyewe, wakamgeuza. Wale kumi waliokuwa wameshalala Fundi aliwang'oa mmoja mmoja, akawalaza upya, pua nje, kila mmoja akielekea mlango wa mwenyewe, huku akilalamika kwamba hajawahi kujenga msingi wenye mipindo kama huo tangu azaliwe na kwamba asiulizwe ukipasuka. Ukuta wa mashariki ulitoka mawimbi mawimbi. Watu wakaanza kuja kusimama mahali ambapo jiwe lao lingewatazama. Mimi nilibaki katikati na shati mkononi, sijui niende wapi, mpaka Mama Mwiru aliponiona.

"Na wewe wa namba," akasema, "chukua ndoo. Maji yameisha."